Kabla hujasakinisha Samba, chukua karatasi

Wengi wanaonijia wakitaka kujifunza kuweka seva ya mafaili huwa wameshaandika apt install samba, amri ya kusakinisha Samba, programu inayoiwezesha kompyuta ya Linux kugawa mafaili kwa kompyuta za Windows. Shida waliyonayo ni kwamba mhasibu anaiona folda lakini akihifadhi kitu ndani yake anakataliwa. Nami huwauliza: katika ofisi hiyo, nani anatakiwa kuingia wapi? Hapo huwa hawana jibu.

Anzia hapo. Kaa na mkuu wa ofisi, chora jedwali: folda upande mmoja, watu upande wa pili, na kila wanapokutana andika anasoma, anaandika au haingii. Kwa ofisi ya watu 12 ni kazi ya saa moja. Utasikia mambo ambayo hakuna aliyekuwa amekwambia: mishahara inaonwa na watu 2 tu, vijana wa mafunzo kwa vitendo wanahitaji kusoma fomu lakini wasiweze kuzifuta. Makundi utakayounda kwenye Linux yatatoka kwenye karatasi hiyo, si kichwani mwako.

Kuhusu mashine sina mengi. Kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, RAM ya GB 4, Debian (aina ya Linux) bila madirisha ya picha, inaitosha ofisi ndogo. Usikose UPS (betri ya kuishikilia mashine umeme ukikatika), na seva iunganishwe kwenye ruta kwa waya, si Wi-Fi. Iagize ruta iitengee seva anwani isiyobadilika. Mwenye ofisi akiuliza faida, mwambie faili likitoka meza hii kwenda ile halili bando, na flashi zenye virusi zitaacha kuzunguka.

Sasa Samba yenyewe. Aliianzisha Andrew Tridgell mwaka 1992, akiwa mwanafunzi wa uzamivu huko Canberra, Australia, na kazi yake mpaka leo ni ukalimani. Upande mmoja kuna Windows zinazoongea SMB, lugha ya kugawana mafaili kwenye mtandao, upande wa pili kuna Linux na sheria zake za umiliki. Ukilielewa hili umepunguza nusu ya maswali yako, kwa sababu anayetaka faili lazima apite milango miwili: ule wa Samba, unaoandikwa kwenye /etc/samba/smb.conf, na ule wa Linux, wa chown na chmod, amri za kupanga mmiliki na ruhusa za faili. Mmoja ukimkataa, haingii hata kama mwingine uko wazi. Nenosiri nalo ni hivyo hivyo. Kumfungulia mtu akaunti kwa adduser hakumpi nenosiri la Samba mpaka uandike smbpasswd -a na jina lake.

Tazama kosa ninalolikuta kuliko yote. Mhasibu ameunda faili la bajeti asubuhi. Mchana karani, ambaye wako naye kikundi kimoja, analifungua, anasahihisha, anabonyeza kuhifadhi, anaambiwa hana ruhusa. Fundi mgeni hukimbilia chmod -R 777, inayompa kila mtu ruhusa zote, na malalamiko yanaisha siku hiyo hiyo. Nakuomba sana usifanye hivyo. Umeng'oa mlango wa Linux, na sasa programu yoyote itakayopenya kwenye mashine hiyo inaweza kuandika juu ya hesabu za watu. Tumia ls -l kwanza:

-rwxr--r-- 1 mhasibu mhasibu 48213 bajeti.xlsx

Jina la kwanza ni la mmiliki, la pili ni la kikundi. Faili limezaliwa katika kikundi binafsi cha mhasibu, si kile cha uhasibu, na hata kikundi hicho kimepewa kusoma tu. Karani angepitia wapi? Dawa ni hii:

chgrp -R uhasibu /srv/mafaili/uhasibu
chmod 2770 /srv/mafaili/uhasibu

Ile 2 ya mwanzo ndiyo watu huisahau. Inaagiza kila kitakachozaliwa ndani ya folda kirithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyekiunda. Kisha mlango wa Samba ukubaliane nayo:

[uhasibu]
path = /srv/mafaili/uhasibu
valid users = @uhasibu
read only = no
create mask = 0660
directory mask = 2770

Mafaili yaliyokuwepo hayajirekebishi. Yape chmod -R g+rwX, na folda za ndani zilizotangulia nazo zipewe 2770. Endesha testparm ikukagulie maandishi, halafu uiwashe Samba upya kwa systemctl restart smbd. Ukijaribu kuingia kwa jina la mtu mwingine ukiwa kwenye Windows ile ile na ikagoma, usirudi kuvuruga seva: Windows haitaki majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Andika net use * /delete, ujaribu tena.

Jambo moja halina mjadala. Usifungue mlango wa mtandao (port) namba 445, ambao SMB hupitia, kuelekea intaneti, hata bosi akisisitiza kwamba yuko safarini. Mei 2017 WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, ilisambaa duniani kwa kupitia kasoro ya SMB kwenye Windows, na mwezi huo huo Samba nayo ikatangaza kasoro yake kubwa. Bosi wa safarini mwekee WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi.

Nilichobakiza ndicho kilichonifundisha kwa uchungu. Kwenye ofisi moja niliweka diski ya nje ya USB pale /srv/mafaili, na nyingine ya nakala pale /mnt/nakala. Kila saa 7 usiku rsync -a --delete, amri ya kunakili inayofuta pia kwenye nakala kisichokuwepo kwenye chanzo, ilifananisha ya pili na ya kwanza. (Kwenye cron, ratiba ya kazi za Linux, saa 7 usiku ya kwetu huandikwa 0 1, si 0 7. Ukikosea, kazi itaanza saa 1 asubuhi.) Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi. Seva ikawaka bila diski ya kwanza, kwa kuwa kwenye fstab, faili linaloiambia Linux kila diski ikae wapi, nilikuwa nimeandika nofail, yaani endelea kuwaka hata diski ikikosekana. /srv/mafaili ikabaki folda tupu. Ilipofika saa 7, rsync ikakuta chanzo hakina kitu, ikatii --delete na kufuta nakala yote.

Asubuhi nikapigiwa simu kwamba folda hazifunguki. Nikaandika df -h, diski haimo kwenye orodha. Nikafungua /mnt/nakala, nayo nyeupe. Kilikuwa kiunganishi cha waya kimelegea. Nilipobadilisha waya diski ikasoma na mafaili yote yalikuwamo, lakini kwa saa kadhaa hesabu za miaka ya watu wale zilikuwa mahali pamoja tu duniani, tena nyuma ya waya uliolegea. Sijasahau namna mikono ilivyokuwa ikitetemeka.

Tangu siku ile kila skripti yangu ya nakala inaanza hivi:

mountpoint -q /srv/mafaili || exit 1
mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1

Diski moja isipokuwa mahali pake, kazi inasimama kabla ya kugusa chochote. Kwenye fstab natumia UUID, kitambulisho kisichobadilika cha diski, si jina kama /dev/sdb1, maana majina hayo hubadilishana mashine ikizimwa na kuwashwa. Naweka diski 2 za nakala zinazopokezana, na kila Ijumaa moja inaondoka ofisini. Ukiambiwa RAID (diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile kwa pamoja) inatosha, kataa: karani akifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote mbili papo hapo.

Na nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi nachomoa diski ya nakala, naiunganisha kwenye laptop yangu, nachagua folda moja na kumwita mwenyewe. Anafungua faili la mwisho alilolifanyia kazi Ijumaa. Anaangalia tarehe, anashuka mpaka mstari wa jumla, analinganisha na lililoko mezani kwake. Zikilingana, naandika siku hiyo kwenye daftari na jina la aliyeangalia, kisha narudisha diski mahali pake.