Modereta kaaga, akaunti yake nifute?

SWALI: Habari mtaalamu. Naendesha jamii ya mtandaoni, tuko kama elfu tatu hivi. Modereta wetu wa siku nyingi ameaga kwa amani na kaomba akaunti yake ifutwe. Nimepata jamaa anasema nimpe paswedi ya databesi amfute kwa amri moja, dakika tano kazi imeisha. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Na kama ulishampa acha kusoma, kaibadilishe kwanza halafu urudi.

Swali hili naletewa kila mara na kila mara halikosi jamaa wa dakika tano. Kinachonichosha ni hii imani kwamba akaunti ni kama kiti, mwenyewe akiondoka unakibeba unakitoa nje. Sivyo. Kwenye databesi huyo modereta ni mstari mmoja tu kwenye jedwali la wanachama, ana namba yake, tuseme 214, na hiyo 214 imeandikwa kwenye kila chapisho lake, kila jibu, kila laiki, kila ujumbe wa faragha. Ukiufuta mstari, inategemea aliyetengeneza programu alipangaje: ama databesi inagoma, inakwambia kuna vitu bado vinamtegemea huyu, ama imewekewa kaskedi, yaani mzazi akifutwa na watoto wote wanakwenda naye, kimya kimya bila kukuuliza. Jamaa yako hajui uko upande upi. Ikigoma atazima ulinzi afute kwa nguvu, ubaki na machapisho ya mtu asiyekuwepo na kurasa zinazogoma kufunguka.

Niliwahi kuitwa kwenye jamii moja baada ya kazi ya namna hiyo. Mada ya kwanza niliyofungua ilikuwa na watu kumi na kitu wanasema "asante sana imekubali", "hata kwangu imekubali", wanashukuru hewa, maana jibu lenyewe lilikuwa la aliyefutwa. Na zile mada alizoanzisha yeye zilizama nzima nzima pamoja na majibu ya wenzake ambao wala hawakuomba kuondoka. Bakapu ya mwisho, yaani nakala ya akiba? Ya wiki tatu kabla ya kazi hiyo.

Kinachotakiwa ni kumvua mtu utambulisho, maandishi yabaki. Jina linakuwa "mwanachama wa zamani", imeli, picha, wasifu na anwani za IP zinafutwa. GitHub, ule mtandao wa watengeneza programu, ukifuta akaunti, maoni yako kwenye miradi ya wenzako yanahamishiwa kwa mtumiaji mmoja wa wote anaitwa ghost. Wikipedia ndo hawafuti akaunti kabisa, wanakubadilishia jina tu, kwa sababu kila hariri lazima iwe na mwenyewe. Ila usiishie kwenye jina, pitia na alichoandika, utakuta kuna mahali aliacha namba ya simu, au wenzake wamemnukuu kwa jina lake halisi. Kama mna wanachama walioko Ulaya ndo uwe makini zaidi, GDPR, sheria yao ya kulinda data inayotumika tangu Mei 2018, inampa mtu haki ya kuomba data zake binafsi zifutwe, na kwa kawaida una mwezi mmoja wa kumjibu.

Kwa modereta lakini kuna la kutangulia: mvue madaraka kwanza, halafu kata sesheni zote, yaani kila kifaa alikobaki ameingia, na funguo za API alizojitengenezea, zile zinazoruhusu programu nyingine kuingia kwa niaba yake. Watu wanabadilisha paswedi wanaona wamemaliza, wakati simu yake bado ina tokeni, kile kibali kinachomwingiza bila kuulizwa paswedi, na kwenye mifumo mingi hiyo inaendelea kufanya kazi kama kawaida mpaka uifute. Mmeagana kwa amani sawa, ila simu inaibiwa.

Jina lake la kuingilia usimpe mtu mwingine, kamwe. Mwaka 2013 Yahoo waligawa upya majina ya akaunti zilizokaa mwaka mzima bila kuguswa, waliopewa wakaanza kupokea imeli za wenyewe wa zamani. Na andika pembeni namba za uliowaondoa, namba tu, siku ukirudisha bakapu ya zamani wote hao watafufuka na imeli zao na itabidi uwaondoe tena.

Nirudi kwa hawa jamaa, maana nyie mnawaona mafundi. Kuna wanaojitangaza wanafuta mtu "kabisa kwenye intaneti yote", hakuna amri ya hivyo duniani, nakala ziko kwenye bakapu za watu, kwenye kache, yaani nakala za muda, za mashine za kutafutia, kwenye picha za skrini kwenye simu za wenzako. Wanachopata wao ni ile paswedi uliyowapa. Ile jamii niliyoitwa, nikiwa napitia orodha ya admini nikakuta akaunti inaitwa fundi2, imefunguliwa siku ileile ya kazi ya dakika tano, miezi minane imepita na imeingia mara ya mwisho juzi yake.