Walimuuliza nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza samaki soko la Deep Sea, hapa Tanga. Mwaka 2015 redio ilisema kura ya maoni imempa Magufuli asilimia 65, Lowassa 25. Matokeo yalipotoka Lowassa alikuwa na karibu 40. Mimi sikuulizwa, jirani zangu hawakuulizwa. Sasa walimuuliza nani? Na tukibaki nyumbani siku yenyewe, hesabu zao zinaharibika?
– Muuza samaki, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza hilo jina. Kura za maoni tunazozijua sisi ni zile za chama kutafuta mgombea, zenye khanga na ugomvi wake. Ulichosikia redioni ni utafiti wa maoni, na hapo hakuna aliyepiga kura.

Shirika la utafiti la Twaweza ndilo lililouliza: watu 1,848 wa Bara, kwa simu. Uchache wao usikusumbue. Wewe ukinunua dagaa humwagi gunia zima chini, unatia mkono katikati ukatoa ukufi. Ila dagaa hafichi kitu. Mtu akipigiwa simu na asiyemjua, akaulizwa siri ya moyo wake, huchagua jibu lisilomletea maneno. Tena waliulizwa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya Oktoba 25. Mshindi walimpatia, Magufuli akapata 58. Pengo ndilo lililowapiga chenga. Na asilimia ya taifa haisemi lolote kuhusu mtaani kwako: mwaka huohuo Tanga Mjini ilipeleka bungeni mtu wa CUF, chama cha upinzani.

Swali lako la pili ndilo lililonikuna. Mwaka 2010 nilikuwa karani mwongozaji kwenye kituo kimoja hapa mjini, darasani, Jumapili ya Oktoba 31. Tulifungua saa 1 asubuhi, foleni imefika barabarani. Saa 5 nilikuwa nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, nasubiri mtu wa kumwelekeza. Tulipofunga saa 10 jioni chupa ya wino ilikuwa karibu kama ilivyokuja. Nchi nzima, walioandikishwa walipita milioni 20, waliopiga ni kama milioni 8.6: asilimia 43.

Kwa hiyo ndiyo, zinaharibika. Mtafiti akiuliza tu "utampigia nani?" anamhesabu hata yule ambaye siku hiyo atakuwa baharini. Mjanja huuliza pia kama kadi unayo, kituo chako unakijua, na mara iliyopita ulikwenda.

Mwaka 2015 waliojitokeza walifika asilimia 67. Hamasa ilikuwepo, nakubali. Lakini daftari la wapiga kura nalo lilikuwa jipya, watu wameandikishwa upya kwa alama za vidole. Lile la 2010 nililisoma ukutani siku nzima kwa kukosa kazi. Jirani yangu niliyemzika miaka miwili nyuma alikuwemo, akahesabiwa pamoja na waliobaki nyumbani.