Hela za harusi zinakwenda kwa konda

Mwezi huu maswali yenu yanajibiwa na mwimbaji na mtunzi wa nyimbo wa Soweto, jijini Mbeya, anayetumia sehemu ya malipo yake kuwasafirisha watoto wenye ulemavu kwenda kutibiwa.

Dada, pole na kazi. Nilikusikia kwenye harusi pale Mafiat ukisema hela za kutuzwa zinakwenda kwa watoto. Wasanii wengi husema hivyo. Zinaishia wapi hasa? – Msomaji, Uyole

Ahsante kwa kutonizunguka. Zinaishia kwa makonda. Nikipokea bahasha nawalipa kwanza mpiga besi, wa kinanda na kijana wa spika. Kinachobaki nakigawa mara mbili, nusu inakuwa nauli.

Wengi wa watoto ninaohangaika nao wamezaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Watu wanaogopa kupasuliwa, kumbe njia inayotumika, ya Ponseti, karibu yote ni hogo, yaani plasta ngumu ya kufungia mguu. Mtoto anafungwa kuanzia vidoleni mpaka pajani, wiki ijayo linatolewa, mguu unasogezwa kidogo, anafungwa jingine. Mara tano, sita, wengine saba. Wengi hukatwa kano ya kisigino, kitobo kidogo tu, wakakaa na hogo la mwisho wiki tatu. Kisha vinakuja viatu viwili vilivyoungwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala mpaka afike miaka minne au mitano.

Sasa piga hesabu wewe. Mama anashuka na bodaboda kutoka huko juu ya Tukuyu mpaka lami, anapanda Hiace mpaka mjini, anarudi, na wiki ijayo tena. Ikifika ya nne viazi vinaozea shambani na baba mtoto ameshaanza kununa. Na mvua ya Rungwe mnaijua! Hogo likilowa linalegea, wiki nzima imepotea. Zamani tulifunga mfuko wa plastiki, ulipopigwa marufuku 2019 tukaanza kukata vipande vya turubai. Nina mkasi wa kazi hiyo kwenye begi la gitaa, pamoja na nyuzi za akiba.

Mbona sijawahi kusikia wimbo wako hata mmoja kuhusu hao watoto? Ungewagusa wengi. – Mwalimu, Makambako

Shikamoo mwalimu. Niliutunga, na nikaufanyia ubaya mkubwa. Kwenye onyesho moja hapa mjini nilimpandisha jukwaani mtoto wa miaka sita, miguu yake haijatibiwa, nikaimba nikiwa nimemshika mkono. Watu walilia, noti zikarushwa. Sijawahi kupata hela nyingi vile usiku mmoja. Yule mtoto alikuwa anaokota noti miguuni kwangu akijua ndiyo kazi aliyoitiwa.

Mama yake alichukua nauli ya wiki ile, akasema "ndaga", ahsante ya Kinyakyusa, na hakurudi kliniki. Nilimfuata kijijini mara mbili. Mara ya pili alinikaribisha chai na ndizi, akaniambia mwanawe shuleni sasa anaitwa "wa kutuzwa". Ilichukua miezi minane mpaka shangazi wa mtoto akamleta.

Wimbo ule siupigi tena. Siku hizi naimba mapenzi, madeni, wakwe, vitu watu wanavyovilipia bila kuoneshwa mguu wa mtoto wa mtu.

Binti yangu ni kiziwi, ana miaka 19, amemaliza shule yuko tu nyumbani. Unasaidia na hao? – Mama, Mafinga

Mimi kwa hilo sina ujuzi, mama. Lakini Iringa si mbali na wewe. Nenda naye Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu, mkaone. Kazi ile ilianza 2003 na vijana viziwi watatu wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na kwenye mgahawa wao nilimwandikia mhudumu chai yangu kwenye kikaratasi. Usiende peke yako ukamsimulie. Aone mwenyewe wenzake wakiongea kwa mikono.

Napiga gitaa, nataka kufungua taasisi kama yako. Nianzie wapi? – Kijana, Njombe

Mdogo wangu, sina taasisi, nina daftari la kurasa mia. Upande mmoja kuna tarehe za kliniki, upande wa pili nani amepewa nauli na nani hakutokea. Asiyetokea napiga simu siku hiyohiyo jioni, maana kesho mama huwa ameshaona aibu, hapokei. Fulana na bango viache kwanza. Tafuta kliniki ya karibu nawe inayofunga hogo, muulize muuguzi ni mtoto gani aliyekosa wiki iliyopita.

Na kwa wazazi mnaosoma hapa: viatu vya chuma vikishambana mwanao, msivitundike ukutani. Virudisheni kliniki, kuna mwenye mguu wa namba hiyo anavisubiri.