Mto wa kukalia na mto wa viboko

Jana saa tisa alasiri nilikuwa chini ya mkwaju nasafisha plagi za mashine, nikawaona wadogo zangu wawili mnampandisha mgeni wa kiti mwendo kwenye boti. Mmoja akahesabu: moja, mbili, tatu. Mwenzake akanyanyua kwenye mbili. Kiti kikalala upande, mgeni akamkumbatia kijana shingoni kama mtu anayezama, kofia yake ikaenda na Rufiji. Hadi leo asubuhi huenda imeshafika Mafia.

Mbele ya mgeni sikusema kitu. Nasema sasa. Naendesha boti tangu huku kukiitwa Selous, kabla upande wetu haujafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na kila kosa mnalolifanya nimeshalifanya mimi, tena kwa ustadi kuwashinda.

1. Muulize mwenyewe. Si mke wake, si mwongoza watalii aliyemleta, mwenyewe. Ulemavu wa miguu si uziwi. Yeye hubebwa kila siku, wewe unabeba leo. Atakwambia ushike wapi, na nani ahesabu. Mara nyingi anayefaa kuhesabu ni yeye.

2. Kiti kinashikwa kwenye fremu. Zile sehemu za kuegemeza mikono na za kuwekea miguu huchomoka, zimetengenezwa zichomoke. Kwenye mchanga kigeuze, ukivute kinyumenyume, maana magurudumu madogo ya mbele yanalima kama jembe la ng'ombe. Kiti cha umeme kinaweza kupita kilo 100 pamoja na betri zake, kwa hiyo hilo linaulizwa kwenye simu siku ya kupokea oda, siyo ukingoni huku mmekunja mikono ya mashati.

3. Ukingo. Wajenzi wanasema kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko. Sasa kiangazi kikikolea, maji yameshuka kimo cha mtu, pigeni hesabu: mtahitaji ubao wa mita 20, na ukiupata utamzamisha aliyeubeba. Hameni mahali. Kuna ule mchanga ulioinama chini ya mivumo, boti inaingiza pua vizuri na ubao wetu wa mita 3 unatosha. Ila huo mchanga mamba nao wanaupenda kwa sababu hizohizo, basi zungukeni mara moja kwanza mashine ikinguruma. Na msikate ngazi kwenye ukuta wenye mashimo ya ndege keremkerem. Nilimwona mwenzetu mmoja akikata, ukuta ukamwangukia na viota vyake, mgeni kakaa kwenye kiti chake juu salama anacheka.

4. Mto. Hapa nivumilieni.

Alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, kaletwa na mwanawe na wajukuu wawili. Alipata ajali ya gari, kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na hisia yoyote. Nilimbeba vizuri, nawaambia kweli, ningefaa kupigwa picha ya mafunzo. Nikamkalisha kwenye benchi, nikakunja khanga nikamwekea, kiti nikakiacha kivulini ili boti iwe na nafasi. Mwanawe hakupanda, anaogopa viboko. Tunasukuma, mashine imeshawaka, akapiga kelele kutoka juu: "Kaka, mto je?"

Nikamjibu kwa sauti ya nahodha: "Mto shwari kabisa leo, ondoa shaka!"

Akapunga mkono. Mimi nikapunga.

Alikuwa anauliza mto wa kukalia. Ule mnene wa mama, uliobaki umefungwa kwenye kiti chini ya mti.

Tulikuwa tumekubaliana saa moja. Lakini siku hiyo Rufiji iliamua kujionyesha: kwazi alishuka mbele yetu akanyakua samaki, tukapita Ziwa Tagalala, tembo wakavuka maji mikonga juu kama mabomba. Mama anataja ndege kwa Kiswahili fasaha, ananisahihisha mimi niliyezoea majina ya kizungu, na mimi kwa kumpenda nikaongeza muda. Saa tatu. Saa tatu juu ya benchi la alumini lililopigwa jua tangu asubuhi, juu ya khanga. Ninyi mkikaa vibaya mnajisogeza hata bila kujua. Mwili wake haukuwa na wa kumwambia asogee. Watu kama yeye hujiinua au huegemea upande kila robo saa hadi nusu saa ili damu ipite, na kwenye benchi langu lisilo na egemeo angejiinulia wapi?

Tulirudi anacheka. Alinipa bakshishi nono, nikainunulia simu vocha ya mwezi mzima.

Wiki mbili baadaye simu hiyohiyo ikaita. Mwanawe. Hakufoka, afadhali angefoka. Mama yuko wodini, kidonda kimefika ndani, analazwa kifudifudi. Alikaa hivyo miezi miwili. Nilipompigia kumwomba radhi alisema, "Mwanangu, niliona mto haupo. Nikadhani ni saa moja tu, nikaona haya kukusumbua." Nilikata simu nikaenda kukaa kwenye lile benchi saa sita mchana, bila khanga. Sikumaliza dakika 10.

Kwa hiyo mto wa kukalia unapanda boti kabla ya mgeni. Na dakika mlizoahidi ndizo hizohizo. Mkitaka kuongeza, ulizeni.

5. Kabla ya kukata kona, sema. Asiye na nguvu za kiwiliwili anajishikilia kwa mikono, na mikono yote iko kwenye kamera.

6. Kiti kikipanda, kifungwe kwenye boti, lakini mtu asifungwe kwenye kiti. Boti ikipinduka mtamtafuta wapi? Jaketi la kuokolea avae nchi kavu.

7. Aliyeumia uti wa mgongo juu karibu na shingo mara nyingi hatoki jasho la kumpoza, kwa hiyo paa, maji ya kunywa, na kitambaa kibichi. Choo nacho kinazungumzwa kabla ya kuondoka, kwa faragha, siyo kama yule kijana aliyemuuliza mzee wa watu mbele ya boti nzima kwa sauti ya kunadi samaki.

Jumamosi kuna wageni wawili wa viti mwendo, boti ya saa kumi. Njooni saa mbili asubuhi. Mmoja wenu atakaa kwenye kiti, mwingine na mimi tutabeba, halafu mtabadilishana. Aliyenyanyua kwenye mbili ndiye atakayeanza kukaa. Na avue kofia.