Injini Ikichemka Porini, Uliza Kwanza Inachemka Lini

Kijana anayeanza kazi ya udereva au ufundi wa magari ya safari hapa Arusha huambiwa mapema kwamba gari limechemka kwa sababu ya jua. Nami niliambiwa hivyo, nikaamini kwa karibu miaka miwili, na imani hiyo ilinigharimu fedha pamoja na aibu mbele ya wageni. Jua peke yake halichemshi injini iliyo nzima. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, hutumika katika majangwa ya Ghuba na ya Australia, kwenye joto kali kuliko la Ziwa Natron, na hurudi salama. Linachofanya jua ni kumaliza akiba: ubovu mdogo katika mfumo wa kupoza, ambao Karatu hujificha kwa sababu ya ubaridi, hujitokeza gari linaposhuka Engaresero, kando ya ziwa hilo, saa nane mchana na kuanza kusukumana na mchanga kwa gia ndogo.

Gari nililokuwa nalo lilikwenda vizuri kabisa kwenye lami kutoka Makuyuni hadi Mto wa Mbu, lakini kila nilipoipita Engaruka mshale wa joto ulianza kupanda. Siku moja, katikati ya ule mlima wa kwenda Sonjo, upepo ukitusukuma kutoka nyuma, maji yalifoka na kutiririka chini ya gari. Kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kununua mfuniko mpya wa rejeta, nimetoa thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, kwa ushauri wa fundi mmoja, na nimemwaga maji ya zamani na kujaza mapya. Dereva mmoja mzee aliyenikuta pale hakufungua hata boneti. Aliniuliza, "Kijana, linachemka ukiwa kasi au ukiwa polepole?" Nikamjibu, "Linachemka tu, mzee wangu." Akasema, "Basi bado hujaliangalia."

Swali lile ndilo ninalowaachia ninyi mnaoanza, kwa sababu jibu lake hupunguza kazi kwa nusu kabla ya kushika spana. Gari linalochemka likiwa polepole au limesimama, kisha likapoa likishika kasi, lina upungufu wa upepo: gari likienda pole, upepo wote unaopita kwenye rejeta huvutwa na feni, na feni ikilegea hakuna wa kuisaidia. Gari linalokwenda vizuri mjini lakini likapandisha joto kwenye lami ndefu, likiwa na mzigo na mwendo wa kilomita 90 kwa saa, mara nyingi halina shida ya upepo bali ya maji, yaani rejeta imeziba kwa ndani kwa kutu na magadi, au wota pampu imechoka. Gari linalopunguza maji kila siku bila kudondosha hata tone, huku mipira ya rejeta ikiwa migumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, linakuonyesha kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeharibika, na hapo usijidanganye kwa kuongeza maji.

Langu lilikuwa la aina ya kwanza. Usiku ule tukiwa kambini, mzee yule aliweka tochi nyuma ya rejeta, upande wa feni, akaniita nitazame kwa mbele kupitia grili. Mwanga ulionekana sehemu ya juu tu, upana wa kama viganja viwili. Kwingine kote palikuwa giza. Ukitazama kwa mbele kondensa ya kiyoyozi ilikuwa safi, na ukitazama kwa upande wa injini rejeta ilikuwa safi, ila katikati ya hizo mbili palikuwa na mbegu za nyasi zilizoshikamana na vumbi kama blanketi la sufi. Zilikuwa za Tarangire, za miezi iliyofuata masika, wakati nyasi za katikati ya njia zinapofika usawa wa boneti. Mbegu nyembamba hupenya kondensa na kukwama kwenye rejeta iliyo nyuma yake, na hakuna anayeziona mpaka azitafute. Tulilegeza kondensa, tukazichomoa kwa vidole na kwa waya laini, zikajaa kopo la rangi la lita nne.

Katika kusafisha, upepo wa kompresa au maji hupita kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha njia zilizoingilia takataka, na kwa nguvu ndogo. Mashine za kuoshea magari zenye presha kubwa hulaza mapezi ya rejeta, na pezi lililolala huzuia upepo sawasawa na mbegu. Wapo wanaofunga wavu mbele ya grili msimu wa nyasi, na ni jambo jema, mradi ukumbuke kuuondoa kabla ya kushuka bondeni kwenye joto.

Feni ya magari haya haifungwi moja kwa moja kwenye pampu. Katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele ya klachi hiyo kuna springi ndogo bapa inayohisi joto la upepo unaotoka kwenye rejeta. Joto likizidi, mafuta huachiwa, klachi hushika na feni huvuma kwa sauti unayoisikia ukiwa kwenye usukani. Ikiwa mshale unapanda na uvumi huo hausikiki, shuku klachi. Zima injini, hakikisha haiwezi kuwashwa na mtu mwingine, kisha zungusha feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa bila ukinzani, mafuta yameisha. Angalia pia kizibo cha plastiki kinachoizunguka feni. Mafundi wengi hukitoa ili wafikie mkanda kwa urahisi, kisha hukiacha gereji, na bila hicho feni huvuta upepo wa pembeni badala ya ule wa rejeta.

Kuhusu thamostati nina neno, kwa sababu desturi ya kuitoa imeenea mno. Katika injini nyingi thamostati hufanya kazi mbili: hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta na, ikishafunguka kabisa, huziba njia ya mkato inayorudisha maji moto ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji hurudi bila kupoa. Kuipima si kazi ngumu: itie ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, weka jikoni, na uangalie inaanza kufunguka kwenye nyuzi zilizogongwa juu yake, kwa kawaida 82. Isipofunguka, nunua nyingine.

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa kwa kuwa ni mdogo. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, ambayo ni karibu kabisa na joto la kawaida la injini. Mfuniko wenye presha ya bar 0.9 hupeleka kiwango hicho juu ya nyuzi 110. Mpira wake ukipasuka, gari litafoka maji ilhali mshale upo katikati. Ndiyo sababu pia ya kutumia kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, kwani huchelewesha kuchemka na kuzuia kutu. Maji ya Natron yenyewe yana magadi. Hayaingii kwenye rejeta hata kama umekwama.

Sasa mshale ukianza kupanda ukiwa njiani. Wengi hubaki kwenye gia kubwa wakidhani wanaipumzisha injini, kumbe wanaielemea huku feni na pampu zikizunguka taratibu. Shusha gia, ingiza foo wili ya chini kama mchanga ni mzito, acha injini izunguke kwa wepesi. Zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho pamoja na vioo. Wageni watalalamika, lakini hita ni rejeta ya pili. Matairi yaliyojazwa kwa ajili ya lami yapunguze upepo hadi karibu PSI 25, kwani tairi gumu mchangani ni mzigo kwa injini, na usisahau kuyajaza tena ukirudi barabara nzuri. Mshale usiposhuka, geuza pua ya gari ielekee upepo, acha injini ikizunguka kidogo juu ya sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, na usiizime ghafla. Izime papo hapo tu ikiwa mkanda umekatika, mpira umepasuka, au mshale uliokuwa juu umeanguka ghafla hadi chini bila sababu. Huko kuanguka huwafurahisha wageni wa kazi. Maana yake huenda maji yameisha na kihisi cha joto hakiguswi na chochote, na ukiendelea injini itanoki.

Mfuniko haufunguliwi wakati mpira wa juu ungali mgumu ukiuminya. Subiri nusu saa au zaidi, tumia kitambaa kizito, legeza hatua ya kwanza tu ili mvuke utoke. Maji baridi yakimwagwa kwa wingi kwenye injini yenye moto mkali huweza kupasua silinda hedi, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo injini ikiwa imewashwa. Ukimaliza kujaza, egesha gari pua ikiwa juu ya mwinuko, hita ikiwa wazi na mfuniko ukiwa umetolewa, mpaka mpira wa juu upate moto na mapovu yakome. Hewa iliyobaki ndani huwafanya wengi wadhani ugonjwa umerudi.

Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, pima maji na uandike kwenye daftari la gari umeongeza kiasi gani. Lita moja ya siku ya kwanza huweza kuwa hewa iliyotoka. Ikiwa siku ya tatu bado unaongeza nusu lita na chini ya gari ni pakavu, usilipeleke gari hilo Natron. Lipeleke likafunguliwe hedi.