Dada wa hija ya Namugongo, usimpe mratibu paspoti yako

Dada usimpe. Nimesoma swali lako la safari ya hija ya Namugongo, Uganda, mara mbili nikakwama pale uliposema mratibu wenu ameandika kwenye grupu la wasapu kwamba mkishavuka mpaka wa Mutukula anakusanya paspoti na hati za watu wote anaziweka kwenye begi moja "kwa usalama" mpaka siku ya kurudi, na hela ya malazi na ya basi la kurudi mmeshamkabidhi yote. Nguo za kubeba, laini ya simu, bei za vitenge, hayo tutaongea baadaye. Hili haliwezi kusubiri maana mnaondoka mwisho wa mwezi wa tano na ukishavuka mpaka huna tena nguvu ya kubishana na mtu.

Mimi nilienda na kundi kutoka hapa Kigoma, basi zima, wengi watu wazima wa Ujiji na Mwanga, wengine tuliwapakia Kasulu na Kakonko. Kwenda hakukuwa na shida, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, rozari na nyimbo njia nzima. Namugongo kwenyewe sina neno baya hata moja. Tarehe 3 Juni magari hayafiki, mnashuka mbali mnatembea na umati kuanzia Kyaliwajjala, na ukisimama mahali alipochomwa moto shahidi wa imani Karoli Lwanga mwaka 1886 unasahau hata kama miguu imevimba. Nenda dada, usije ukaahirisha kwa sababu yangu.

Shida ya safari hizi za makundi iko siku mbili za mwisho. Mwanzoni kila mtu bado anamhitaji mwenzake, mratibu anataka mmalizie michango, wakala anataka kundi lifike, gesti inataka wageni. Ibada ikishaisha nyie mnataka kitu kimoja tu, kurudi nyumbani, na yule aliyeshika hela zenu na paspoti zenu hana tena anachokihitaji kwenu. Hapo ndipo unapoijua tabia ya mtu.

Yetu ilikuwa hivi. Baada ya misa kukawa na siku ya kutembea Kampala. Mratibu akasimama ndani ya basi na maiki akatangaza twende Owino, akasema hata soko lile ni sehemu ya hija kwa sababu jina lake rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe, na ni kweli, Yosefu Mukasa Balikuddembe ndiye wa kwanza kuuawa kati ya wale mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, Novemba 1885. Akaongeza kwamba hela ya Uganda ukirudi nayo Kigoma ni karatasi, kwa hiyo malizeni yote. Wazee wa watu wakamwamini. Wamama wakanunua vitenge mpaka shilingi ya mwisho, wengine wakabaki na vidumu vyao vya maji ya Namugongo na nauli ya kutoka stendi hadi nyumbani, basi.

Asubuhi ya kuondoka tumeshatoa mizigo nje, mratibu hayupo. Simu haipatikani. Tunamuuliza dada wa mapokezi lile begi, anafungua kabati, begi jeusi lipo, tunaliona kwa macho yetu zipu imefungwa kwa kamba, anafunga kabati tena anaweka ufunguo kwenye sidiria. Anasema bosi wake amekataza, siku za mwisho hazijalipwa, kilicholipwa ni kianzio tu, na yule baba aliacha begi kama dhamana. Dhamana! Paspoti ni mali ya serikali, haiwekwi rehani kama redio. Lakini uko ugenini, umezungukwa na wazee waliokalia vidumu uani jua linapanda, utamwambia nini yule binti ambaye na yeye ameajiriwa?

Dereva naye akaanza. Anasema ana kazi nyingine, ikifika saa sita anaondoka na basi lake, na mafuta ya kurudi hajapewa. Kulikuwa na bibi mmoja mgonjwa wa sukari, dawa zake alizihesabia siku za ratiba na siyo zaidi, mjukuu wake analia kuliko yeye. Ikabidi tuchangishane. Wale wamama wakarudi barabarani kuuza vile vitenge walivyonunua jana, kwa bei ya kutupa, mtu anashika kitambaa anakuangalia usoni anajua una shida, anataja nusu, unakubali. Mimi nililipia kitanda kilekile mara ya pili kwa hela niliyokuwa nimeishona kwenye pindo la sketi, mama yangu alinifundisha hivyo zamani za kwenda Burundi, na hiyo ndiyo iliyonitoa mimi na yule bibi.

Begi likafunguliwa. Hati ya mama mmoja haimo. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti la mratibu kwa sababu siku moja kabla alimsaidia kuandikisha laini ya simu. Tukamwacha yule mama Kampala na kijana wake. Alienda polisi kuchukua ripoti ya kupotelewa ndipo aende ubalozi wetu pale Kampala wamtengenezee hati nyingine, na ujue tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa Uganda, ikiangukia Ijumaa ofisi utazikuta Jumatatu. Tulivyokuwa tunapita Lukaya, wauza nyama choma na gonja, zile ndizi za kuchoma, wanakimbilia madirishani, hakuna aliyenunua wala aliyeimba. Hadi Masaka basi lote kimya.

Na yule bwana leo bado anaandaa safari! Hakuwahi kurudisha hata senti. Alivyorudi alisema wakala wa Kampala ndiye aliyemwangusha, wakala akipigiwa anasema hajatumiwa hela. Mimi wakala simjui, sikumpa hela yangu. Nilimpa mtu ninayesali naye, aliyekuja sebuleni kwangu akanywa chai akaniambia mama usihangaike na kitu, wewe kazi yako ni kusali. Hilo neno ukilisikia dada ushtuke. Mzee wa miaka 70 anayevuka mpaka lazima ahangaike na paspoti yake, na anayemwambia asihangaike anamtafutia balaa.

Na hiyo sababu ya kwamba begi moja linaharakisha mambo mpakani ni uongo mtupu. Mutukula ni kituo cha pamoja, ukienda unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia upande wa Uganda, ukirudi unagongewa yote miwili upande wetu. Kila mtu anapita dirishani mwenyewe na sura yake na karatasi yake. Hakuna afisa anayegonga mihuri ya rundo wakati wenyewe wako kwenye basi. Mratibu anachohitaji ni orodha ya majina na namba za paspoti, mpe kopi, kopi hata kumi mpe.

Kwa hiyo paspoti au hati ya dharura, kadi ya njano ya chanjo, na hela ya kukufikisha nyumbani kwa mabasi ya kawaida bila msaada wa mtu, hivyo vitatu vikae mwilini mwako, siyo kwenye begi la basi, hata ukienda kuoga. Kama una hati ya dharura angalia tarehe yake ya mwisho ivuke siku ya kurudi, watu wengi hawaisomi. Hiyo hela ya kurudi usiiguse Owino hata kitenge kikuite jina.

Nguo: beba sweta, mkesha wa Namugongo una baridi ya alfajiri, na viatu vya kutembelea.

Halafu fanya kitu kimoja leo, usingoje kesho. Muombe mratibu jina na namba ya gesti mtakayolala. Akikupa, piga mwenyewe uulize kundi lenu limelipiwa mpaka tarehe ngapi, na basi nalo uliza, mafuta ya kurudi yako kwa nani. Akigoma kukupa namba, waambie wenzako kwenye grupu hukohuko alikoandika yeye, mdai nusu ya hela ya kurudi ikae kwa mweka hazina wenu mpaka mmevuka Mutukula mnarudi. Na wewe ukipata jibu la gesti njoo uniandikie hapa, usiku nipo.