Asiyekisoma Kitabu Aanze Kusema

Kwa miaka mingi nilikuwa na sentensi moja isiyokosa kunitoka kila tulipokaa kutazama filamu iliyotokana na kitabu: "Kwenye kitabu haikuwa hivi." Niliisema kwa nia njema kabisa. Kitabu nilikuwa nimekipenda, nimekesha nacho, na nilitaka mdogo wangu, ambaye ni mtu wa filamu na wala si wa vitabu, ajue anachokikosa. Hakuwahi kunilalamikia. Aliacha tu kuniita. Siku moja nilimkuta sebuleni anatazama filamu niliyoisubiri karibu mwaka mzima. Aliponiona akaisimamisha, akauliza, "Dada, unapita au unakaa?" Kwa sauti ile nilijua anaomba nipite.

Nilipita, lakini liliniuma. Watu wawili ndani ya nyumba moja, wote wanapenda hadithi za kubuni, majitu, safari za nyota, falme ambazo hazimo kwenye ramani yoyote, halafu hawawezi kukaa kwenye kochi moja kwa saa mbili. Siku zile sikujua tatizo ni nini. Leo najua, na kama wewe pia ni mpenda vitabu unayezipenda filamu, nakuomba ujaribu jambo moja kabla ya mengine yote: filamu ikiisha, asiyekisoma kitabu ndiye aanze kusema. Wewe uliyekisoma, subiri.

Nililijua hilo siku tulipotazama Frankenstein. Niliichagua filamu ya 1931 kwa sababu ni fupi, dakika sabini hivi, na riwaya ya Mary Shelley, iliyotoka 1818, naifahamu vizuri. Nilijiandaa kwa hoja. Katika riwaya, kiumbe anapata uhai katika sura ya tano ya toleo la 1831, ambalo ndilo nililo nalo. Ni usiku wa Novemba, mvua inagonga vioo vya madirisha, mshumaa unakaribia kuisha, na Victor, mwanasayansi aliyemuunda kiumbe huyo, analiona jicho la manjano lililofifia likifunguka. Basi. Mwandishi anataja vyombo na cheche ya uhai, hafafanui zaidi. Katika filamu tumo ndani ya mnara, radi zinapasua anga, mitambo inatema moto, meza inapandishwa mpaka juu kwenye paa, na inaposhushwa tunaona mkono ukicheza. Muumbaji, ambaye humu wamemwita Henry, anapiga kelele kwamba kiumbe yu hai.

Hilo ningelivumilia. Lililonikera ni kwamba yule wa kitabuni anaongea, tena anaongea vizuri kuliko binadamu wote waliomo. Anajificha kwenye kibanda, anachungulia familia moja kupitia ufa wa ukuta, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza, kisha anasoma Paradise Lost, shairi refu la Milton, na kujiuliza kwa nini yeye hana wa kumpenda. Kwenye filamu, Boris Karloff anayemwigiza hapewi hata neno moja. Ananguruma tu. Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni.

Ila nilikuwa nimejiwekea ahadi ya kunyamaza, kwa hiyo nikamwuliza mdogo wangu, "Umeona nini?"

Akasema, "Umeona pale dari lilipofunguliwa?"

Nilikuwa nimeona, lakini sikuwa nimetazama. Kiumbe ameingizwa chumbani kwa mara ya kwanza, amekalishwa. Henry anafungua dirisha la juu, mwanga unamwangukia. Anainua uso taratibu, anasimama, halafu anainua mikono yote miwili juu, vidole vimetawanyika. Dirisha linafungwa. Mikono inabaki hewani kidogo, kisha inashuka.

"Anataka kuushika mwanga," mdogo wangu akasema. "Hajui kwamba haushikiki. Ni mtoto mchanga yule."

Niliinuka nikaenda kuchukua kitabu. Katika sura ya kumi na moja, kiumbe mwenyewe anasimulia siku zake za kwanza: hakuweza kutofautisha sauti na harufu na mwanga, alisikia baridi, aliogopa, akakaa chini akalia. Halafu akaona nuru ikipanda polepole nyuma ya miti, akaikodolea macho kwa mshangao. Ulikuwa mwezi. Kitabu hicho nilishakisoma mara tatu, na ungeniuliza kilichomo kwenye sura ya kumi na moja, mwezi ule nisingeutaja. Nilikuwa nimeupita nikikimbilia hoja kubwa. Mwongozaji, James Whale, na mwigizaji asiye na neno hata moja waliyabeba maumivu yaleyale katika mikono miwili iliyoinuliwa, na aliyeyaona ni mtu asiyewahi kukifungua kitabu.

Nilimsomea ukurasa ule kwa sauti. Nilipofika mwisho akasema, "Endelea."

Tangu hapo nimejifunza kwamba sisi wasomaji tunaingia kwenye filamu na orodha kichwani. Tunakagua. Huyu yuko, yule hayuko, hili wamelibadilisha. Macho yetu yanatafuta kilichokosekana, na yanakipita kilichopo. Asiyekisoma kitabu hana orodha. Anakitazama kilichopo kwa sababu hana kingine cha kutazama. Ndiyo maana yeye aanze. Ukianza wewe, utampa orodha yako, na baada ya hapo hata yeye hataona.

Kuna hesabu moja pia ambayo ingenisaidia kama ningeijua mapema. Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo filamu ya saa mbili ina mswada wa kurasa mia na ishirini hivi, nyingi zikiwa na nafasi tupu kuliko maneno. Riwaya ya kurasa mia tatu ukiisoma kwa sauti utatumia saa tisa, pengine kumi. Hata filamu tatu za The Lord of the Rings zilizotoka 2001 hadi 2003, zenye zaidi ya saa tisa kwa pamoja, hazikumpatia nafasi Tom Bombadil, na wapo wasomaji ambao mpaka leo hawajasamehe. Mimi nimesamehe. Ni mhusika ninayempenda, lakini ukimtoa, safari inaendelea vilevile.

Mabadiliko mengine yanatokana na macho. Katika The Wonderful Wizard of Oz, kitabu cha 1900, L. Frank Baum alimpa msichana Dorothy viatu vya fedha. Filamu ya 1939 ikavigeuza vyekundu, kwa kuwa ilikuwa filamu ya rangi na fedha isingewaka vile. Leo viatu vyekundu ndivyo vinavyokumbukwa. Na yako mabadiliko ambayo yameishinda hadithi yenyewe. Katika Dracula ya Bram Stoker, ya 1897, yule mnyonya damu anatembea mchana. Nguvu zake zinapungua, lakini hafi. Aliyemuua mnyonya damu kwa jua ni Nosferatu, filamu ya Ujerumani ya 1922, iliyotengenezwa bila ruhusa ya mjane wa Stoker. Mahakama iliamuru nakala zake ziharibiwe, na ni bahati kwamba nyingine zilisalia. Sasa ukimwuliza mtu yeyote mnyonya damu anaogopa nini, jua halikosi kwenye jibu lake. Mimi hupenda sana kumpa mdogo wangu habari za namna hii, baada ya yeye kumaliza kusema, kwa sababu hazimwambii kwamba alichokiona hakifai. Zinamwongezea.

Sisemi kila filamu isamehewe. Kuna wakati moyo wa hadithi unatolewa, na hapo msomaji ana haki ya kuumia. Kwangu mimi mfano mkubwa ni The Neverending Story. Michael Ende aliandika riwaya hiyo 1979, inahusu mvulana anayesoma kitabu mpaka anaingia ndani yake. Filamu ya 1984 ilichukua karibu nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ndimo mvulana anapewa uwezo wa kutimiziwa kila anachotamani, na kila tamanio linalotimia linafuta kumbukumbu yake moja, mpaka analisahau hata jina lake mwenyewe. Ende hakuificha hasira yake juu ya filamu ile, na mimi namwelewa. Inaishia pale kitabu kinapoanza kuuma. Lakini mdogo wangu aliipenda, alimpenda yule joka mweupe, na nilipomwambia, "Unajua hapo ni katikati tu?" aligeuka akanitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina vyumba ambavyo hajavifungua. Sentensi hiyo ilifanya kazi ambayo "kwenye kitabu haikuwa hivi" haikuifanya kwa miaka yote ile.

Watu huniuliza kianze kipi, kitabu au filamu. Wapenda vitabu wengi watakujibu kitabu, tena bila kufikiri. Mimi siafiki moja kwa moja. Kama hadithi imejengwa juu ya siri inayofichuka mwishoni, ndiyo, soma kwanza, maana siri ile mwandishi ameilea ukurasa kwa ukurasa. Lakini kama ni ulimwengu mkubwa wenye majina hamsini, koo, falme na ramani, filamu ikitangulia si dhambi. Kuna fantasia moja ndefu niliyoianza mara tatu na kuishia njiani mara tatu kwa kuchanganya majina. Nilipoiona kwenye skrini, kila jina likapata uso, na mara ya nne nikafika mwisho. Hasara yake ni kwamba uso wa mwigizaji haukutoki tena. Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi: nasoma sura mbili za kwanza, nawapa wahusika nyuso zangu mwenyewe, naona nyumba yao ilivyo, mlango uko upande gani, halafu ndiyo natazama. Filamu inapoleta sura zake, zangu zinakuwa zimeshakaa, na zote mbili zinaishi pamoja bila kugombana.

Kuhusu kuharibiana uhondo nitasema kwa kifupi. Uliza "umefika wapi?" kabla hujafungua mdomo, hata kama kitabu kina miaka mia mbili. Kwake yeye ni kipya.

Na ukitaka mtu wa filamu asome, tafadhali usimkabidhi tofali la kurasa mia saba ukidhani mapenzi yako yatamvusha. Nimefanya hivyo, na kitabu kilikaa juu ya kabati mpaka nikakichukua mwenyewe. Anza na hadithi fupi. Hadithi fupi zinaendana na filamu kuliko riwaya, kwa sababu mwandishi wa mswada halazimiki kukata sana. Mara nyingi anaongeza. Filamu ya Arrival, ya 2016, inatokana na hadithi ya Ted Chiang ya 1998 iitwayo "Story of Your Life", ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Mdogo wangu aliisoma siku ileile tulipoitazama, usiku, kwenye simu, na saa sita akanitumia ujumbe wa kuuliza kwa nini mama anamsimulia mtoto wake mambo yajayo kana kwamba anayakumbuka. Tuliandikiana mpaka saa nane.

Njia nyingine ninayoitumia ni kusoma kwa sauti ukurasa mmoja, wa tukio ambalo tumetoka kulitazama, kisha nakifunga kitabu. Sisemi "kisome". Nakiacha mezani. Wakati mwingine kinabaki pale wiki nzima, wakati mwingine asubuhi hakipo.

Mwezi uliopita tuligeuza mambo: tulianza na kitabu ambacho hatukuwa na filamu yake. Nilimsomea mwanzo wa Kusadikika ya Shaaban Robert, riwaya ya 1951 inayohusu nchi iliyo angani. Tangu nilipoisoma mara ya kwanza nimeichukulia kuwa kitabu cha kesi. Karama ameshtakiwa, Majivuno anamshtaki, na utetezi unazaa hadithi baada ya hadithi. Nilidhani ataniuliza kuhusu kesi. Alikaa kimya, halafu akasema:

"Dada, hao watu wakitazama chini, wanaona nini?"

Alitaka kujua kamera ingewekwa wapi. Je, ingekaa juu, pamoja nao, mawingu yakipita miguuni? Au chini, tukiiona nchi nzima kama kivuli kinachopita juu ya mashamba? Na wakulima wa huko chini wangejua kwamba juu yao kuna mfalme na mahakama? Sikuwa na jibu. Nimekirudia kitabu tangu ukurasa wa kwanza, penseli mkononi, napigia mstari kila mahali mwandishi anapotaja anga au ardhi. Yeye ameshaanza kuchora, na ameniambia nisimwoneshe nilichopata mpaka amalize mchoro wake wa kwanza.